Matanga ya Okito, Mkata Mpunga

Hélène hakuwa mtu wa maneno mengi, na kwa umri aliofikia hakuona sababu ya kujifunza. Kazi yake ilikuwa kupepeta mchele. Asubuhi alikaa nje ya nyumba yake pale Kasuku, mjini Kindu, mgongo ukutani, ungo mapajani, akirusha mchele na kuudaka, makapi yakienda zake kwa jirani ambaye naye alishachoka kulalamika. Mchana aliuza sokoni. Jioni alikaa kimya na magoti yake, maana magoti hayo yalikuwa na mengi ya kusema kuliko yeye.

Watu walimwita Mama Divine, kwa jina la mtoto wake wa pekee. Lakini tangu mwaka jana walianza kumwita mke wa shujaa, na hapo ndipo uchovu wake wa zamani ulipomrudia. Muuza mkaa alimpisha njiani. Mwanamke mmoja wa kanisani alimshika mikono miwili, akampongeza. Hélène alisema asante, akaenda nyumbani, akalala mchana kweupe bila kuvua viatu.

Shujaa mwenyewe alikuwa mume wake, Okito, mtu wa Tunda, aliyekuja Kindu kutafuta kazi kwenye reli na akakuta reli yenyewe inatafuta kazi. Basi akarudia alichozaliwa nacho, akalima mpunga. Shamba lao lilikuwa ng'ambo ya mto, kupita Alunguli, kando ya barabara ya kwenda Kampene. Alikuwa mpole, mchekeshaji, mvivu kidogo siku za mvua. Bunduki aliiogopa hata ikiwa begani kwa polisi aliyelala.

Halafu vikaja vita. Miaka ile waasi walishika mji, Mai-Mai, wapiganaji wa kienyeji, wakashika msitu unaouzunguka, na watu wa kawaida wakabaki katikati. Ukienda shamba, mjini wanasema umewapelekea Mai-Mai chumvi. Ukibaki mjini, msituni wanasema unakula na waasi. Treni haikuja. Chumvi ilikuwa ya kulambwa, si ya kupikia. Na mpunga, ambao haujui siasa, ukaiva ng'ambo na kuanza kuinama.

Okito alisema afadhali risasi kuliko kumtazama mtoto akilia njaa. Maneno kama hayo wanaume wengi waliyasema wakati ule, na wengi walisema tu. Yeye alikwenda, pamoja na mdogo wake Djo.

Asubuhi hiyo Hélène ndiye aliyemfunga kamba. Kila aliyewahi kuvuna mpunga Maniema anajua kwamba mvunaji hana mkono wa ziada: mmoja unashika kisu kidogo, mwingine unashika masuke. Kwa hiyo anajifunga kiunoni nyuzi za magome ya mti, zilizolowekwa zikalainika, zinaning'inia mpaka magotini. Fungu likijaa, anachomoa uzi mmoja, anafunga, anaendelea. Hélène alizichana nyuzi hizo mwenyewe, akazipanga kiunoni kwa mumewe moja moja. Djo akamcheka kaka yake kwamba amevalishwa kama mwali. Walivuka mto wakiwa bado wanacheka.

Wanajeshi wa waasi waliowakuta hawakuwa watu wa huku. Kwao mchele ulitoka kwenye gunia. Walikuwa wamefundishwa jambo moja tu, kwamba Mai-Mai hujifunga majani na nyuzi mwilini kama dawa ya vita. Wakaona wanaume wawili wameinama kwenye majani, nyuzi viunoni, visu mikononi. Hawakuuliza.

Hélène alizipata habari hizo kwa redio. Jirani yao Abdoul alikuwa na redio ya betri, na jioni aliiweka dirishani ili uwanja mzima usikie. Hélène alikuwa akipuliza moto chini ya chungu cha muhogo, Divine mgongoni. Sauti nzuri, iliyosoma, ikatangaza kwamba Mai-Mai wawili wameuawa ng'ambo wakijaribu kushambulia mji. Kisha ikasoma majina, kama yalivyokutwa kwenye karte za utambulisho zilizokuwa mifukoni mwao.

Alifungua mdomo apige yowe. Mke wa Abdoul, Mungu amrehemu, akamrukia na kumziba kwa kiganja, maana kumlilia Mai-Mai ilikuwa ni kuwaita wanajeshi mlangoni. Abdoul akazima redio. Alitazama chini, akaingia ndani, akafunga mlango wake polepole. Muhogo uliungua na hakuna aliyeuondoa motoni.

Basi hakukuwa na matanga. Hakuna aliyekuja kukaa chini, hakuna aliyeleta kuni wala unga, hakuna mkeka uliotandikwa. Jamaa wa Tunda walisikia redio ileile, nao wakameza. Maiti walifukiwa hukohuko na watu wasiojulikana, na shamba likarudi kuwa msitu. Na katika yote hayo, neno moja dogo ambalo hata mtu aliyejikwaa kidole huambiwa, Hélène hakuambiwa. Hakuna aliyemwambia pole. Kwa nini wampe pole? Alikuwa mke wa jambazi.

Mtoto akakulia katika jina hilo. Shuleni walimwambia Divine kwamba baba yake alikuwa mwizi wa pori. Alirudi nyumbani akiuliza, na Hélène akamjibu kwamba baba alikuwa anakata mpunga. Jibu hilo halikuwahi kumsaidia mtoto yeyote kwenye ugomvi wa uwanjani.

Vita vikaisha, kwa namna vinavyoisha huku kwetu: waliokuwa msituni wakatoka, wakapewa viatu na vyeo. Mmoja wao alikuwa kijana aliyeitwa Bienfait, ambaye siku hizi ni Mheshimiwa Bienfait, ana tumbo, ana gari, na ana hamu ya kuchaguliwa tena. Mwaka jana aliamua kwamba mji unahitaji jiwe la kumbukumbu pale njia panda, lenye majina ya wapiganaji wake waliokufa wakiitetea Kindu. Shida ikawa majina. Wapiganaji wake wengi walikufa kwa kipindupindu au walikuwa hai wakimdai. Ndipo mtu akamkumbusha matangazo ya redio ya wakati wa waasi. Mle yalikuwemo majina tele.

Kwa njia hiyo Okito na Djo wakawa mashujaa. Uongo ulikuwa uleule, umebadilishwa nguo tu. Wa kwanza walimvika Okito Mai-Mai ili wamtukane, wa pili wakamvika Mai-Mai ili wamsifu, naye hakuwepo kusema lolote, maana maiti haulizwi sanda. Wazee wanasema njia ya mwongo ni fupi. Uongo huu wa Kindu umetembea zaidi ya miaka ishirini na miguu bado haijauuma.

Mheshimiwa aligawa vikwembe, vitenge vya sherehe, vyenye picha ya jiwe na, ukiangalia vizuri, uso wake mwenyewe. Cha Hélène kilikaa kwenye kiti, kimekunjwa. Divine, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili, alishona chake siku hiyohiyo. Kilimkaa vizuri. Alitembea nacho barabarani kichwa juu, na Hélène alipomwona aliumia moyo, kwa kuwa hakuwahi kumwona mwanawe akitembea hivyo.

Alijaribu kumweleza. Alisema hataki jina la Okito kwenye lile jiwe, si kama mpiganaji. Divine alimsikiliza mpaka mwisho, maana amelelewa vizuri, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Mama, juu ya nini unataka kuniondolea baba? Zamani alikuwa mwizi ya pori. Leo njo muntu mukubwa. Wewe unataka arudi kuwa muntu ya bure?"

"Hakukuwa muntu ya bure," Hélène akasema. "Alikuwa anakata mupunga."

Divine akainuka, akasema anakwenda kusahihisha madaftari ya watoto. Tangu jioni ile hakuja tena kumsalimu mama yake, naye alikuwa anaishi mitaa miwili tu kutoka pale.

Redio ya mji ina kipindi cha mjadala kila wiki, watu wanazungumzia haki, maadili, nani mkweli na nani mchafu. Mwenye kipindi ni Florentin, mwanamume mwembamba mwenye macho ya mtu anayelala kidogo. Kabla ya sherehe ya jiwe alitaka kipindi cha haki na ukweli wa vita, akaja kwa Hélène na kinasa sauti. Alikaa kwenye kigoda, akamwacha aseme. Na Hélène, ambaye si mtu wa maneno, alisema asubuhi nzima. Alisema nyuzi za kiunoni ni za nini. Alisema visu vya kukatia masuke ni vidogo kama kidole. Alisema karte: nani anakwenda kushambulia mji na karte yake mfukoni? Florentin alitikisa kichwa, akaandika, akamshukuru kwa heshima. Usiku ule Hélène alilala vizuri.

Siku ya kipindi majirani walikusanyika kwake. Alijisikia redioni mara moja tu. "Walimuua bwana yangu, walimuua na mudogo yake," ilisema sauti yake, nyembamba kuliko alivyoidhania. Kisha ngoma. Kisha Mheshimiwa Bienfait, kwa kirefu, juu ya damu na nchi, na nyuzi zile ambazo mashujaa walijifunga kiunoni, dawa ya mababu. Mtu wa Alunguli akapiga simu kuuliza kama haki bila mahakama ni haki. Mwingine akaanza kusema kwamba watu waliuawa na pande zote mbili, simu yake ikakatika. Florentin akawashukuru wote kwa kujadiliana kwa uhuru.

Hélène alijua ni wapi walipokata. Alikuwa amesema: walimuua bwana yangu, walimuua na mudogo yake, wanakata mupunga. Yalikuwa yametolewa maneno mawili. Majirani walimpongeza, mmoja akasema sauti yake inafaa redioni. Akawaaga, akakaa akiutazama ungo. Hasira hakuwa nayo. Hasira inataka nguvu.

Kesho yake alipanda hadi redioni, karibu na gare ya treni. Nyuma ya nyumba groupe, ile mashine ya umeme, ilikuwa inanguruma na kutoa moshi. Florentin alimpokea vizuri, akamletea kiti, na kwanza alisema habari za muda: kipindi ni kifupi, watu ni wengi, lazima kupunguza. Hélène hakubishana. Alimtazama tu, na kwa kutazamwa hivyo yule mwanamume alichoka kudanganya.

"Mama, mi najua," akasema. "Lakini ile groupe inakunywa mazutu. Na mazutu iko na mwenyewe, Mheshimiwa."

Kisha akajaribu upande mwingine. Akasema heshima anayopewa Hélène wengine wanaililia. Okito amekufa, hawezi kudhurika na sifa. Kuna ubaya gani?

Swali hilo Hélène alikuwa amelibeba tangu mwaka jana, sokoni na kanisani. Alijibu polepole.

"Askari akiua askari, ile ni vita, hakuna mwenye kuulizwa. Akiua muntu mwenye kukata mupunga, ile iko na jina ingine. Mukisema Okito alikuwa mupiganaji, munawasamehe wenye kumuua. Munawasamehe, na mimi hamukuniuliza."

Florentin alitazama dirishani. Yeye naye alikuwa na watoto, na groupe iliendelea kunguruma. Mwishoni akasema atatafuta nafasi, siku nyingine, baada ya sherehe. Alisema kwa unyenyekevu wa kweli, na wote wawili walijua kwamba siku hiyo haitakuja.

Ukitoka pale unapita dirisha la matangazo. Hapo anakaa msichana aitwaye Fifi, anapokea matangazo ya vifo na kuyasoma jioni, kwa kuwa jamaa wametawanyika Kibombo, Kama, Kampene, na redio ndiyo inayowafikia. Mbele ya dirisha mwanamume mmoja aliyevaa vizuri alikuwa akilalamika. Alitaka tangazo la kifo cha mjomba wake lirekebishwe, maana watoto wa marehemu walikuwa wameandika kwamba alikufa kwa ulevi. Fifi alikataa.

"Communiqué iko ya wenye kufiwa," akasema. "Hapa tunasoma vile wanaleta. Hata mukubwa wa redio haguse."

Mwanamume akaondoka akinung'unika. Hélène akabaki amesimama pale, mkono kwenye mbao za dirisha. Fifi akamwuliza kama naye amefiwa.

"Ndiyo," Hélène akasema.

Msichana akachukua kalamu, akauliza kama anavyowauliza wote. Jina la marehemu? Okito. Na mdogo wake Djo. Kazi? Kukata mpunga. Wamefia wapi? Shambani, ng'ambo. Lini? Wakati wa vita. Hapo kalamu ikasimama. Fifi alimtazama yule mama, vumbi la makapi bado nyweleni, kisha akatazama mlango wa Florentin, kisha karatasi. Akaandika. Wasichana wa namna hiyo wapo, ila hawatangazwi.

"Na matanga iko wapi, mama?"

Hilo Hélène hakulitarajia. Alikuwa amekuja kutafuta mahali pa kuweka maneno mawili, basi. Lakini tangazo la kifo bila mahali pa matanga si tangazo, watu watakwenda wapi? Alifikiri kidogo.

"Kwangu," akasema. "Kasuku."

Jioni ile Fifi alisoma, bila ngoma, baada ya kifo cha mwalimu mmoja na kabla ya mbuzi aliyepotea. Familia ya Okito, ya Tunda na Kindu, inatangaza kwa masikitiko makubwa kifo cha Okito, mkata mpunga, na mdogo wake Djo, mkata mpunga, waliouawa wakati wa vita wakikata mpunga shambani mwao. Matanga ni kwa mjane, Kasuku. Habari ziwafikie jamaa wa Tunda, Kibombo, Kampene na Kama.

Hélène aliyasikia maneno yake kwenye redio ya jirani. Yalikuwa yamesemwa, kwa sauti kubwa, mpaka Kama. Alingoja ajisikie mwepesi. Alijisikia kuchoka tu, akaenda kulala.

Asubuhi alitoka na ungo kama kawaida, akakuta mtu amekaa chini mbele ya nyumba. Alikuwa mzee, kofia ya kitambaa kichwani, mkeka uliokunjwa mapajani. Ilimchukua muda kumtambua Abdoul. Alikuwa amehamia Alunguli tangu mkewe afariki, na alikuwa amevuka mto kwa mtumbwi wa kwanza. Alijaribu kuinuka kwa heshima, magoti yakakataa.

"Dada Hélène," akasema. "Pole. Pole ya bwana yako. Siku ile nilifunga mulango. Nimechelewa sana."

Hélène aliweka ungo chini. Alitaka kumjibu kwamba si kitu, yamepita, kama watu wanavyojibu. Badala yake mdomo wake ukafunguka wenyewe, na lile yowe lililozibwa kwa kiganja siku ile likatoka. Lilikuwa la kizee sasa, limekwaruza, lakini lilifika barabarani.

Watu wakaja. Mwanamke wa sokoni na kuni kichwani. Muuza mkaa na mfuko wa mkaa. Yule jirani wa makapi na sufuria ya mboga ya sombe. Mkeka wa Abdoul ukatandikwa, kwa sababu mwenye matanga hakuwa na mkeka. Mzee mmoja alijitambulisha kuwa mtu wa Tunda, akasema kule wameanza kuambiana, wengine watafika wiki ijayo. Wote walisema neno lilelile, mmoja mmoja, na Hélène alilipokea kila mara kama jipya. Kuhusu jiwe hakuna aliyejidanganya. Litafunguliwa Jumamosi, na jina litakuwa juu yake.

Karibu na saa sita Divine akatokea. Alikuwa ametoka shuleni, amevaa kikwembe chake cha sherehe, na uso wake ulikuwa umekaza. Bila shaka watu walikuwa wamempongeza njiani, na wengine wamemwuliza maswali. Watu mkekani wakampisha. Alisimama mbele ya mama yake, akavuta pumzi ili aseme alichokuja kusema.

Hélène alimtazama. Alimwona mtoto aliyekuwa mgongoni siku ile, chungu kikiungua. Ndipo ikamjia kwamba katika miaka yote hiyo, huyu naye hakuambiwa neno lile. Hata na yeye, mama yake, hakuambiwa.

Alisogea, akamwachia nafasi kwenye mkeka, akapapasa pale kwa mkono.

"Pole, mutoto yangu," akasema. "Baba yako amekufa."